Siku Mzee Issa Alipofika Mbuzi Wameshachinjwa

Wiki iliyopita binti mmoja wa kwaya alinijia nyumbani, akaniamkia kwa adabu zake zote, kisha akaniuliza swali lililonichekesha mpaka nikakohoa. Alitaka kujua mapishi ya watu wengi nilisomea chuo gani. Nikamwambia nilisomea nyuma ya kanisa, kwenye mafiga, na mwalimu wangu alifundisha kwa mwiko, tena si kwa kukorogea tu. Akasema vijana ndio mmekabidhiwa jiko sasa, na mngependa niwaandikie mambo mawili matatu kabla sijayasahau. Nadhani alitaka kusema kabla sijafa, lakini amelelewa vizuri yule binti.

Haya, mbukwenyi wanangu, nawasalimu Kigogo. Mimi ndiye Mama Yoeli, niliyekuwa mpishi wa kanisa letu hapa mtaa wa Kikuyu, Dodoma, tangu nikiwa bado naitwa bibi harusi mpaka magoti yaliponigomea. Niliajiriwa kupikia hosteli na semina, na mshahara wenyewe ulikuwa wa kumshukuru Mungu zaidi ya kumshukuru mwajiri. Lakini kazi niliyoipenda kwa moyo wote haikuwa ya hosteli. Ilikuwa ile ya Chakula cha Wazee, ambapo kila mwaka baada ya sikukuu ya mavuno kanisa huwaalika wazee wote wa mtaa ambao hawana mtu wa kuwatazama, waje wale washibe na waondoke na chochote mkononi. Nikisema wote namaanisha wote. Mtaani kwetu Wagogo na Warangi na waliokuja juzi na ofisi zao wamechanganyika kama kande, na hatujawahi kumuuliza mzee mwenye njaa anasali wapi.

Nianze na chumvi, maana ndiyo iliyonianza mimi. Chumvi hutiwa na mkono mmoja. Mwaka wangu wa kwanza jikoni wanawake watatu walipita kwenye sufuria la maharage kwa nyakati tofauti, kila mmoja akaonja, akaona yamepooza, akatia. Wa nne nilikuwa mimi. Mkuu wa jiko wakati huo alikuwa Mama Rahabu, mwanamke mfupi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alichota kidogo, akaonja, akafumba macho, akaniuliza taratibu kama nilidhani tumealika ng'ombe. Kisha hakugomba tena. Alituamuru tumwage mchuzi wote, tuchemshe maharage mengine bila chumvi hata chembe, tuchanganye. Wazee walikula wakasifu. Tangu siku hiyo chumvi ya jiko lile ilifungwa kwenye pindo la kanga ya mtu mmoja, na aliyeitaka ilibidi aombe.

Jambo lingine ni upepo. Ninyi mliozaliwa hapa mnaujua upepo wa Dodoma wakati wa kipupwe, na mliohamia mtaujua. Unatoka mashariki, unabeba vumbi, na vumbi halichagui sufuria. Turubai mlifunge upande wa upepo kabla hamjawasha moto. Mkifunga baadaye mtakuwa mmeshapika wali wa mchanga, na wazee wenye meno mawili yaliyobaki watayapoteza mezani kwenu.

Kuhusu meno, msijidanganye na mapishi ya kwenye simu. Mzee hataki kuvutana na nyama. Nyama ya wazee hukatwa ndogo, hupikwa mpaka iachane na mfupa yenyewe, na pembeni pawe na mlenda. Mlenda mkavu uliotwangwa vizuri, ukatiwa karanga, unamfanya mzee ale tonge baada ya tonge bila kulalamika. Nimeona mzee aliyekataa pilau la harusi akaomba mlenda mara tatu.

Lakini somo kubwa nililopewa na Mama Rahabu halihusu moto wala kisu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nawaona akina bibi wakipokea sahani, wanakula mchuzi na ugali, halafu nyama wanaifunga kwenye kanga kwa siri. Mimi nikaona ni tamaa. Nikamwambia Mama Rahabu kwamba fulani anaficha nyama. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyejikojolea kanisani. Akasema yule ana wajukuu nyumbani, na hakuna bibi anayeweza kumeza nyama huku akikumbuka macho ya mjukuu. Basi kuanzia hapo tukageuza utaratibu. Mgao wa kwenda nao tuliutoa kwanza, umefungwa, mzee auone na auweke mapajani. Ndipo tukapakua cha kula pale pale. Mngeona jinsi walivyokula. Hilo msilibadilishe hata mkileta wapishi wa kukodi wenye kofia nyeupe.

Na najua mtawaleta. Siwalaumu. Siku hizi michango inatumwa kwa simu, mtu yuko ofisini kwake anabonyeza, jina linasomwa kwenye kundi la WhatsApp, watu wanaweka picha za mikono ya kupongeza, imeisha. Zamani mchango ulikuwa na uzito, maana uliubeba kichwani. Huyu analeta debe la uwele, yule maboga, mwingine kunde. Wapo pia waliokuwa wanaleta mahindi yaliyokwisha kuliwa na dumuzi, wakatoa kwa sauti kubwa wakiimba. Kutoa ni moyo, lakini moyo wa mtu utaujua ukifungua gunia lake. Kwa hiyo siwezi kusema zamani kulikuwa kuzuri tu. Simu angalau haiingii wadudu.

Nimezunguka vya kutosha. Kuna siku moja ambayo nataka muijue, kwa sababu jiko ni lenu sasa na jambo hili haliandikwi kwenye ratiba ya kamati.

Mzee Issa wengi wenu mnamjua kwa duka lake la vitunguu na mafuta ya alizeti, lile linalotazamana na geti la kanisa. Ni Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno machache, na tangu enzi za Mama Rahabu yeye ndiye aliyekuwa akituchinjia. Desturi yenyewe mnaijua, hata kama hamjawahi kuifikiria. Mnyama wa shughuli inayokusanya watu wa kila dini huchinjwa na Muislamu, ili kila atakayekaa ale bila wasiwasi. Mzee Issa alikuwa anakuja alfajiri akitoka kuswali, anachinja, ananawa, anakwenda kufungua duka. Hakuwahi kupokea hata kipande cha shingo. Ukimlazimisha alikuwa anasema atakuja kula na wenzake mchana, na kweli alikuja.

Mwaka huo alikuwa ameshahamia kwa mwanawe Area D, ila duka lilibaki pale pale. Na mwaka huo huo tulikuwa na katibu mpya wa kamati, kijana anaitwa Amani. Huyu alikuja Dodoma na wizara yao ilipohamia, na kwao kwa asili ni nyanda za juu kusini, ambako sikukuu kila baba huchinja mbuzi wake uani na hakuna wa kumuuliza. Alikuwa kijana wa kazi kweli kweli. Viti vilikuwa havijawahi kupangwa mapema namna ile, maji hayajawahi kujaa mapipa yote. Kwenye kikao cha mwisho tulisema mbuzi wachinjwe mapema ili nyama iive. Tulisema hivyo tukanyamaza. Nani achinje hatukutaja, kwa sababu kwetu sisi wenyeji ilikuwa kama kutaja kwamba maji yamwagwe kutoka juu kwenda chini.

Basi Amani akawahi. Mimi asubuhi ile nilipitia Soko la Majengo kuchukua nyanya, na nilipofika kanisani nikakuta mbuzi wote wameshachunwa, wananing'inia wamesafishwa vizuri, ngozi zimetandazwa kwenye uzio. Nikasema moyoni, Mzee Issa leo kaamkia huku. Nikafunga kanga kiunoni, nikawasha moto, tukaanza kukata. Kufikia saa nne nyama ilikuwa imeanza kulainika, na harufu yake inatoka mpaka barabarani.

Ndipo Mzee Issa akaingia getini. Kisu chake amekifunga kwenye gazeti, amekibana kwapani. Akatoa salamu, akaomba radhi kwa kuchelewa. Alfajiri alikosa bajaji, aliyoipata baadaye ikapata pancha njiani, simu nayo haikuwa na chaji, akatembea sehemu kubwa ya safari kwa miguu. Akafuta jasho, akaangaza macho huku na huku, akauliza, "Mbuzi mmewafunga wapi?"

Sitaisahau ile sekunde. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu na mchuzi ukidondoka. Nikamtazama Amani, na Amani akawa anatabasamu kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi yake, kisha akaona sura yangu, na tabasamu likamfia mdomoni. Hakuwa ameelewa bado, lakini alijua kuna jambo. Nikamsogelea nikamuuliza kwa sauti ya chini nani kachinja. Akasema yeye mwenyewe na vijana wawili wa kwaya.

Mzee Ndahani, mwenyekiti wa kamati, alikuwa karibu na alisikia. Huyu alikuwa mtu mwema, msije mkamfikiria vibaya, lakini alikuwa na woga wa aibu kuliko wa kitu chochote duniani. Akanivuta kando nyuma ya kuni.

"Mama Yoeli, nyama ikishakuwa mchuzi haina dini," akaninong'oneza. "Mwambie alichinja kijana wa buchani. Wazee wale, maisha yaendelee."

Nisiwadanganye. Maneno yale yalinivutia. Wazee walikuwa wameanza kujiandaa majumbani, na wengine kati yao tangu jana yake walikuwa hawajatia kitu cha maana tumboni, wakijiwekea nafasi kwa ajili ya meza yetu. Karibu nusu yao walikuwa Waislamu. Kwa baadhi nyama ile ilikuwa ndiyo ya mwaka. Na nani angejua? Ngozi ya mbuzi haisemi aliyeichuna alisali wapi.

Lakini nikawakumbuka wanavyokaa mezani. Miaka ya mwanzo, Mama Rahabu alinisimulia, wale Waislamu walikuwa wanauliza kila mara nani kachinja kabla ya kunyoosha mkono, na waliulizia kwa haya. Baadaye wakaacha. Waliacha kwa sababu walitutegemea. Nikaona wazi kwamba nikidanganya leo, mzee atakula haramu yake kutoka mkononi mwangu huku akiniombea baraka. Hilo sikuliweza. Nikamwambia Mzee Ndahani kwamba mchuzi kweli hauna dini, ila mlaji anayo, nikarudi kwenye moto.

"Mzee Issa," nikasema, "mbuzi wameshachinjwa. Wamechinjwa na vijana wetu, si kama tulivyozoea. Nyama iko sufuriani. Mimi sikujua mpaka ulipoingia hapa."

Akatazama ngozi kwenye uzio. Akatazama sufuria. Amani akaja mbele akataka kusema kitu, sijui radhi, sijui maelezo, na mzee akainua kiganja kumnyamazisha. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha zaidi, maana hasira ningejua pa kuishika.

"Nimesikia," akasema. "Msipakue kwanza."

Akageuka, akatoka getini na kisu chake kwapani.

Hayo maneno machache kila mtu aliyasikia kivyake. Mzee Ndahani alikuwa na hakika kwamba amekwenda kuwaita wazee wa msikitini, na kesho mtaa mzima utajua kanisa limetaka kuwalisha watu kibudu. Akina mama waliokuwa wanamenya ndizi wakaacha kumenya. Amani alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kichwani, anarudia kwamba hakujua, hakujua. Nilimhurumia. Sisi ndio tuliokuwa tunajua, na tukanyamaza tukidhani dunia nzima imezaliwa Dodoma. Mimi niliogopa kitu kimoja tu. Niliogopa kwamba ule mlango mdogo wa duka lililo ng'ambo ya barabara, ambao kwa miaka yote niliuona ukifunguka asubuhi na mtu akaniinulia mkono, kesho utafunguka na mkono hautainuliwa.

Mchungaji akafika tukiwa katika hali hiyo. Alikuwa kijana, amesimikwa si muda mrefu, na tulizoea kumtania kwamba ndevu zake bado ziko kwenye maombi. Nikamweleza yote bila kupunguza. Akakaa kwenye benchi. Kisha akaniuliza kuna nini kingine cha kula zaidi ya nyama. Nikamwambia maharage, mlenda, ugali, na ndizi kidogo.

"Basi nyama isiguswe na mtu," akasema. "Ikiwa hawawezi kula wote, hatuli hata sisi. Leo tunakula maharage."

Hapo ndipo nilipompenda yule kijana, na sijaacha mpaka leo. Jambo ambalo lingetuaibisha ni kuwaketisha watu meza moja kisha hawa wale nyama na wale watazame. Yeye alilikata kwa sentensi moja. Tukaliteremsha sufuria la nyama, tukalifunika, tukaliweka kwenye stoo. Jioni lilipelekwa chuoni Chimwaga kwa vijana wetu wa umoja wa wanafunzi, na nasikia lilirudi halihitaji kuoshwa.

Lakini maharage yenyewe yalikuwa ya kusindikizia tu, hayakupikwa kushibisha watu wote wale. Nikawa naongeza maji na kuomba. Saa sita ikafika, wazee wakaanza kuingia mmoja mmoja na fimbo zao. Mzee wa Kigogo, bibi wa Kigogo, babu aliyewahi kupiga kengele ya kanisa. Nikawa nahesabu nyuso na moyo unazidi kushuka. Upande wa mabenchi walikopenda kukaa wazee wa Kirangi na Waislamu wenzao palikuwa peupe. Hakuja hata mmoja. Mzee Ndahani akanitazama kwa jicho la nilikuambia, na mimi nikajitia kukoroga mlenda ambao haukuhitaji kukorogwa.

Kisha tukasikia kuku.

Nawaambia kweli, nilisikia kuku kabla sijaona mtu. Geti likafunguliwa na akaingia Mzee Issa, nyuma yake mkewe, Bi Zainabu, na wakweze na majirani wamebeba masufuria yao vichwani, na nyuma yao wale wazee wetu wote, taratibu, na fimbo zao na vikohozi vyao. Karibu kila mmoja ameshika kuku miguuni, kichwa chini, wanapiga kelele za kuomba msaada. Mzee mmoja alikuwa na bata. Mzee Issa akaja moja kwa moja pale nilipokuwa nimesimama kama mti.

Akasema, "Asubuhi nimechelewa mimi. Mchana tusiwacheleweshe wazee. Nipeni maji na mahali."

Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na nadhani nilifanya vyote. Akina mama wakapiga vigelegele, hata Mzee Ndahani akavua kofia akajipepea, akisema Bwana asifiwe, Bwana asifiwe, kama mtu aliyeponea ajali.

Kazi ikaanza upya. Mzee Issa alichinjia nyuma ya ukuta, na Amani akawa mnyonyoaji mkuu, na shati lake jeupe la ofisini, maji ya moto mpaka viwikoni, manyoya mpaka masikioni. Alikuwa hajawahi kunyonyoa kuku maishani, na bata alimshinda kabisa, mpaka bibi mmoja akamnyang'anya akamwonyesha. Kazi ilipoisha Mzee Issa alinawa, akamwita. Tukatega masikio tukidhani sasa ndiyo anakwenda kuambiwa. Mzee akamwambia kwamba mwakani amfuate mwenyewe Area D kabla ya jua, maana bajaji haziaminiki. Amani akasema ndiyo baba, akaenda nyuma ya stoo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Nikasingizia moshi kwa niaba yake.

Kwenye moto sikuwa mkuu tena. Bi Zainabu alipika kwa masufuria yake, mafuta yake na vitunguu vyao vya dukani, na mimi nikawa mkata nyanya katika jiko langu mwenyewe. Nilipojaribu kumshauri kuhusu tangawizi aliniambia niendelee na nyanya. Sijawahi kufurahia kufukuzwa jikoni kama siku ile. Chakula kilichelewa, jua likapinduka, na hakuna mzee aliyelalamika. Walikaa wamechanganyika kuliko miaka mingine, kwa sababu walioingia na kuku walikaa popote walipoona nafasi. Mchungaji aliomba kwa kifupi, Mzee Issa naye akapewa nafasi ya dua, tukasema amina mara mbili.

Sasa wanangu, hapa nitawaambia kitu ambacho mpaka wakati wa kupakua mimi sikukijua. Nilidhani kuku wale Mzee Issa amewanunua. Ana duka, nikajiambia, amepita sokoni, amewapa wazee wamsaidie kubeba. Nikawa napanga kichwani kamati itamrudishiaje, na maneno gani tutamwandikia ya shukrani.

Kwenye benchi la mwisho alikaa Bibi Hadija. Alikuwa mjane, anaishi chumba kimoja nyuma ya msikiti, macho yake yameingia ukungu, na kila kikao cha kamati tulichofanya jina lake lilitajwa la kwanza tulipouliza nani anahitaji zaidi. Bati la chumba chake ni vijana wa kanisa waliolipigilia. Blanketi lake ni letu. Sahani yake nilimpelekea mwenyewe, na Bi Zainabu alikuwa ameweka juu yake firigisi, kwa heshima ya umri wake. Nikaiweka mbele yake, nikageuka niende kwa mwingine. Akanishika upindo wa kanga.

"Mama Yoeli, kaa."

Nikamwambia bado kuna wazee sijawahudumia.

"Watahudumiwa. Kaa." Akapapasa sahani, akaipata firigisi, akaisogeza upande wangu. "Humo kwenye sufuria mna jogoo wangu. Nilikuwa naye mmoja. Mzee Issa alipita kwetu sote mlango kwa mlango, akatueleza ulivyomwambia kweli. Kila mwenye kuku akatoa."

Nikainua macho kwenye yale mabenchi. Wote wale tuliokuwa tumewaalika kwa sababu hawana kitu walikuwa wanakula, wanakaribishana, wanawasogezea watu wetu vipande.

"Miaka yote hii mnaniita mgeni," akasema Bibi Hadija. "Leo mgeni ni wewe. Na mgeni wangu hali amesimama."

Nikakaa kando yake, nikaomba maji ya kunawa.